Maji ya Mgeni

Tangu asikie kwamba afisa wa huduma za wazee atapita, Mama Sylviane alikuwa na kazi moja tu: kupendeza. Akuol, jirani yake Mdinka, alimwogesha, akamvisha kitenge cha kanisani, akamkalisha kitini kama bibi harusi. Kwao Kongo, mgeni hapokelewi na mtu mchafu. Basi.

Kumbe hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Miguu ilikuwa imemsusa kitambo. Bila Akuol hafiki hata chooni. Na Akuol alikuwa anahamia Lodwar kwa mumewe. Afisa asipompa mhudumu wa kumtunza nyumbani, Mama Sylviane angeoza kitandani hapa kambini Kakuma, na alilijua hilo vizuri. Aliogopa.

Lomuria, afisa mwenyewe, akaingia, akaketi, akatazama nyumba iliyofagiwa na mama anayenukia sabuni.

"Unapika mwenyewe, mama?"

"Mungu anasaidia."

"Na kuoga?"

"Ninaoga, mwanangu. Si unaniona?"

Hakudanganya, ila nusu ya maneno aliimeza. Mtoto wa watu umweleze habari za choo? Thubutu! Lomuria akarudisha kalamu mfukoni, akainuka, akasema wapo wazee wenye hali mbaya zaidi.

Akuol alikuwa mlangoni. Tangu wafahamiane hajawahi kumwomba yule mama kitu.

"Mama," akasema, "mgeni hajakunywa maji. Simama umpe."

Mtungi ulikuwa pale kwenye kona, hatua chache tu. Mama Sylviane akamkata jicho Akuol. Akuol hakusogea. Mgeni kuondoka na kiu ilikuwa aibu. Kushindwa kusimama ilikuwa aibu nyingine. Akashika kiti kwa mikono miwili, akajaribu. Hakubanduka.

"Siwezi," akasema, machozi yakamtoka mbele ya mtoto wa watu. "Huyu ndiye ananiogesha. Na huyu anaenda."

Lomuria akaketi tena.

Siku ya safari Akuol alikuja kuaga. Mama Sylviane akageukia ukutani. Alikuwa na hasira bado, na hakuona sababu ya kuificha. Akuol akajaza mtungi, akaenda zake.

Kesho yake Awoi, mhudumu mpya, akapiga hodi, akamsalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mama. Umeamkaje?"

"Mzima kabisa," Mama Sylviane akajibu kwa mazoea. Kisha akautazama ule mtungi uliojaa, akanyoosha mkono. "Njoo uninyanyue. Na simu yako iko na kredi? Nataka kumpigia binti yangu, yuko Lodwar kwa mumewe."