Kielelezo Namba Moja

Saa mbili kasorobo asubuhi mtunza vielelezo alifungua stoo ya mahakama, akafagia, akakagua alivyonavyo: mapanga mawili, redio isiyo na mwenyewe, na bahasha ya kaki yenye msokoto mmoja wa bangi. Fundi cherehani alikutwa nao kwenye mfuko wa shati. Alikiri siku ile ile, lakini hakimu alitaka mkemia athibitishe kwamba bangi ni bangi.

"Haraka haraka haina baraka," alisema hakimu, na fundi akarudishwa mahabusu.

Kesi ilipoahirishwa mara ya kwanza, bahasha ilichipua. Kanuni ilitaka kielelezo kisiharibike, na hiki sasa kilikuwa hai. Basi mtunza vielelezo akawa anakimwagilia kopo moja asubuhi, moja jioni.

Kila kesi ilipoahirishwa, tawi moja liliongezeka. Mara ya tano mti ulitoboa ukuta ukaingia chumba cha mahakama. Kila jani lilitoka na mhuri na namba ya kesi, jambo lililomrahisishia karani kazi. Kivuli kilikuwa kizuri. Feni ikazimwa, na wakili mmoja akapata pa kutundika joho.

Mama mzazi wa fundi hakukosa hata siku moja. Alikaa benchi la nyuma na mfuko wenye shati safi lililokunjwa, mwanawe alivae akitoka. Siku moja alimfuata mtunza vielelezo stoo, akamkuta na kopo mkononi.

"Mwanangu, si ungeuacha tu ukauke?"

"Mama, ukikauka nitajibu mimi. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

"Na wangu nani atamjibia?"

Mtunza vielelezo aliona aibu, aibu ya kweli. Alisubiri mama aondoke, kisha akamwaga maji kwenye shina kama kawaida.

Kesi ilipotajwa mara ya kumi na mbili, ripoti ya mkemia ilikuwa imefika. Bangi ilikuwa bangi. Mama akalitoa shati kwenye mfuko.

Mwendesha mashtaka alisimama, akasogeza tawi lililomziba uso, akaomba kubadili hati ya mashtaka: shtaka la kupatikana na msokoto liwe la kulima shamba la bangi. Hakimu akauliza mti ni wa nani. Mtunza vielelezo aliapishwa, akafungua daftari lake, akasoma yaliyoandikwa: kielelezo namba moja, mali ya mshtakiwa. Hakuna aliyemuuliza umenyweshwa na nani, naye akalifunga daftari.

"Mheshimiwa, mimi sijapanda hata kitunguu," alisema fundi.

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Kwa kuwa shtaka lilikuwa jipya, ilihitajika ripoti mpya ya mkemia. Kesi ikaahirishwa, na juu ya kizimba tawi likachomoza.

Mama alilikunja shati upya, kwa mikunjo mingine, maana ile ya zamani ilishaanza kukatika. Mtunza vielelezo alirudi stoo akajaza kopo.