Sanda Yenye Zipu

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Wanafunzi wangu wa Jiografia hapa Nachingwea wanajua, mke wangu Marselina anajua, na kwa bahati mbaya Mohamedi naye anajua. Mohamedi ni mtani wangu wa Ruangwa. Utani wetu tumeachiwa na babu zetu, na sheria yake ni moja: mtani akikufanyia lolote, hukasiriki.

Siku hiyo nilikuwa nafungasha. Kesho yake alfajiri nilitakiwa kupanda basi la Dar, kisha ndege mpaka Austria, kwenye parokia rafiki ya parokia yetu. Walinialika tutembee milimani siku sita, tukilala kwenye vibanda vya huko juu. Miaka ishirini na mbili nimefundisha milima ya Alpi kwa chaki. Barua ilipofika niliijibu siku ileile, kwa kiherehere changu, bila kukumbuka kwamba kilima kirefu nilichowahi kupanda ni kile cha njia ya Mnero kwa wakwe zangu, nacho nilikipanda kwa bodaboda.

Wenyeji walituma orodha. Mkoba usizidi kilo kumi, na kila mtu abebe wake. Marselina hakutaka hata kuigusa. Siku mbili alikuwa hasemi na mimi, ila kila nikigeuka nakuta kaingiza tena unga wa muhogo.

"Mtu hapandi mlima kwa mkate," ndilo neno pekee alilonipa.

Saa tisa mchana Mohamedi akaingia bila hodi, vumbi la barabara limemjaa hadi kwenye kope. Alikuja kuniaga. Macho yakatua kwenye viatu vyangu vya mlimani.

"Umevipata wapi?"

"Mnadani. Mtumba."

"Mtumba wa Ulaya?"

"Ndiyo."

"Kumbe vyenyewe vinarudi kwao, wewe unavisindikiza tu."

Nikahesabu moja hadi kumi. Akaokota fimbo zangu za kutembelea.

"Mbili? Bibi Sabaha wa kwetu ana miaka tisini, anatumia moja."

Nikamweleza habari za miteremko na kusawazisha mwili. "Basi huko si pa kwenda mtu," akasema. Halafu akaufikia mfuko wa kulalia. Ni mfuko mrefu, unaingiza mwili mzima, unafungwa kwa zipu hadi kidevuni. Mohamedi akaugeuza, akanyamaza. Mtani akinyamaza, jiandae.

"Mwalimu, hii ni sanda."

"Ni mfuko wa kulalia."

"Sanda yenye zipu. Wenzetu wamerahisisha kazi. Unafia humohumo, wanafunga, basi."

Kabla sijamzuia alikuwa ndani, amelala chali katikati ya sebule, amejifunga mpaka kidevuni. Majirani zetu Hadija na Shamimu walichungulia, wakaona maiti, wakaketi mkekani na kunyoosha miguu kama wako msibani. Mohamedi akaanza kuongea kwa sauti yangu, ile ya darasani.

"Kimya! Petro, achana na hilo geti la mbinguni, simama! Taja milima mitatu mirefu duniani!"

Wakacheka hadi wakashikana. Marselina naye alicheka, kisha kicheko kikamgeukia, akajifuta macho kwa kanga na kukimbilia chumbani. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia Mohamedi atoke, arudi kwao Ruangwa, asikanyage tena kwangu.

Hadija akakunja miguu. Hata waliofiwa hawamfukuzi mtani anayewatania msibani, na mimi nilikuwa nimemfukuza wangu nikiwa mzima. Niliona haya, lakini neno lilikuwa limeshanitoka.

Mohamedi hakujitikisa.

"Unaogopa," akasema, akitazama dari.

"Siogopi."

"Basi sitoki mpaka useme. Basi lako ni alfajiri. Mimi nina nafasi."

Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni. Ule mfuko umeshonwa kwa ajili ya theluji, na sisi tulikuwa Septemba ya Nachingwea.

"Naogopa," nikasema. "Naogopa kuanguka. Naogopa kufia huko, nisirudishwe."

Sikuwa nimemwambia mtu. Kutoka chumbani Marselina akajibu, "Na mimi naogopa, Baba Ivan."

"Haya, nifungulieni," Mohamedi akasema.

Zipu ikagoma. Nilivuta mabega, Hadija akavuta miguu, Shamimu akapaka sabuni, na marehemu akawa anatutukana wote kwa majina. Mwishowe alichomoka kama muhogo kwenye ardhi ya mvua, amelowa chapachapa. Akakaa, akahema. Safari hii hakutania.

"Sikiliza, Gaudens. Ukifia huko watakusifu tu. Watasimama watu wasiokujua, waseme ulikuwa mpole. Mpole, wewe! Nani atawaambia ukweli? Kazi ya kukutukana kaburini ni yangu, babu yangu ndiye aliyeniachia. Usinidhulumu. Urudi."

Nikamshika mkono, ule wenye jasho na sabuni, nikasema nitarudi.

Marselina akatoka chumbani. Akapiga magoti kando ya mkoba, akaanza kukunja soksi zangu za sufu, jozi kwa jozi.