Sipingi Nyumba, Lakini

Mimi ni karani wa baraza la mji wa Haskell, huu mwaka wa ishirini na saba, na kazi yangu kubwa si kuandika kumbukumbu kama watu wanavyodhani. Kazi yangu ni taa. Kwenye mkutano wa hadhara kila mwananchi ana dakika tatu mbele ya kipaza sauti. Anataja jina, anataja anwani, nami nabonyeza kijani. Ikibaki nusu dakika nabonyeza njano. Nikibonyeza nyekundu, hata kama analia, anakaa. Nimewakatisha wajane, nimemkatisha mchungaji, na nimemkatisha mume wangu mwenyewe Osgood, Mungu amrehemu, ambaye hata hoja yenyewe alikuwa hajaifikia.

Ng'ambo ya kijito cha Pike uko mji wa Alder. Daraja letu ni hatua themanini, nimezihesabu. Ukituuliza sisi, watu wa Alder ni washamba wenye majivuno. Ukiwauliza wao, sisi ndio tunaonuka samaki. Ugomvi wenyewe ulianza zamani, shule mbili zilipounganishwa kuwa moja ikabidi ichaguliwe rangi ya fulana za mpira. Hadi leo timu inavaa kijivu.

Basi serikali ya jimbo ikatuandikia barua, sisi na wao: kila mji ulete mpango wa makazi, maana walimu na wauguzi wanafanya kazi pwani na kulala mbali milimani, wengine ndani ya magari. Hatukuwa na afisa mipango miji, na wao hawakuwa naye. Serikali ikasema italipa nusu ya mshahara, mradi miji miwili iajiri afisa mmoja. Jambo la bure lina mvuto wake. Tukakubali tukiwa tumenuna.

Ndivyo Nerissa Haapala alivyokuja, mwezi wa Desemba, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole, na sweta moja la kijani. Jumatatu na Jumanne alikuwa wetu. Jumatano na Alhamisi alikuwa wao. Ijumaa ilizua mabishano ya mwezi mzima, mwisho ikakatwa vipande viwili saa sita mchana. Kila mji ulimpa kibao cha sumaku cha kubandika kwenye mlango wa gari, chetu kina nanga, chao kina ndege korongo, na ilimbidi avibadilishe katikati ya daraja. Siku moja alisahau akaingia Alder na nanga yetu. Meya wao, Bernadette Lusk, mwenye duka la peremende, alinipigia simu kuuliza kama tumeamua kuwavamia.

Lakini kichekesho hasa kilikuwa barua. Sheria inataka kila mji umjulishe jirani yake kwa maandishi kabla ya kubadili matumizi ya ardhi. Afisa wa Haskell anamwandikia afisa wa Alder. Kwa hiyo siku ya Jumanne Nerissa alikuwa akikaa mezani kwangu na kuandika: "Mheshimiwa Afisa, tunaomba maoni yako." Jumatano alikuwa akiifungua kule, anaisoma, anaigonga muhuri na kujibu: "Mheshimiwa Afisa, tumepokea yako." Jumatatu inayofuata jibu liko kwangu. Niliwahi kumuuliza kwa nini asijijibu palepale.

"Alder wanastahili siku zao saba za kutafakari, Verna," alisema, bila kucheka.

Mwezi wa Machi meya wetu, Wendell Krause, anayeuza injini za boti, alisoma jibu moja la Alder akaona lina dharau.

"Huyu afisa wao anajiona nani?" akasema, akimtupia Nerissa ile karatasi. "Mjibu. Mwambie ni mzembe na hajui kazi."

"Nimwambie hivyohivyo, Meya?"

"Tena kwa herufi kubwa!"

Akajiandikia kwamba ni mzembe. Meya Lusk alipoiona ile barua alikasirika akadai Haskell iombe radhi, na wiki iliyofuata Nerissa akajiomba radhi, aya mbili nzuri kabisa, nami nikaziweka kwenye jalada. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe, nakiri, nilichoona ni kwamba radhi ilikuwa ndefu mno.

Sasa, mkataba wake ulikuwa na kifungu. Ikifika tarehe mosi Juni, afisa lazima awe mkaazi wa mmoja wa miji hii miwili, la sivyo mkataba unakufa. Madiwani walikitia kwa mkono wao, eti afisa aonje maisha tunayoishi. Na maisha tunayoishi huku pwani ni haya: ukipanga nyumba Oktoba, unaipata kwa bei ya binadamu, lakini ikifika mwisho wa Mei unatoka ili waingie watalii wanaolipa kwa usiku. Kila mtu anajua. Nerissa naye alipanga chumba cha majira ya baridi, akadhani miezi sita inatosha kupata cha kudumu. Aliandika kurasa mia na kumi kueleza kwamba hakuna nyumba, kisha akaenda kuitafuta.

Katikati ya Mei alikuja mezani kwangu, kalamu sikioni.

"Verna, wewe unawajua watu wote. Hakuna mwenye chumba? Hata kidogo. Hata kama hakina jiko."

"Nitakuulizia, mwanangu," nikasema.

Sikuulizia popote. Nyumbani kwangu, Mtaa wa Sitka namba 212, juu ya gereji, kuna chumba chenye jiko, bafu na dirisha linaloangalia maji. Osgood alikijenga kwa ajili ya mwanetu, mwanetu akahamia Boise, na tangu hapo kinakaa mapambo ya Krismasi na mabuti ya marehemu. Kukipangisha ni kosa kwa sheria ndogo za Haskell. Na sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Miaka kumi na moja iliyopita jirani yangu alitaka kuwapangisha wafanyakazi wa kiwanda cha samaki juu ya gereji yake, na aliyesimama kwenye kipaza sauti kupinga ni mimi. Siku ile nilimwachia dada mmoja wa ofisini ile taa. Nilimaliza kabla ya njano, na watu wakanipigia makofi.

Jioni ile ya Mei nilifika nyumbani nikatazama lile dirisha la juu. Nikajiambia kwamba sheria ni sheria. Niliona haya, na haya haikunizuia kula chakula changu vizuri nikalala.

Jumatatu, tarehe mbili Juni, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa navuka daraja kwenda kununua mkate, maana mkate wa Alder, siku zote nimekuwa nikikataa kukiri, ni mtamu kuliko wetu. Gari la Nerissa lilikuwa limeegeshwa katikati kabisa, magurudumu ya mbele Haskell, ya nyuma Alder. Kulala ndani ya gari ni marufuku mjini kwetu na ni marufuku mjini kwao, lakini polisi wetu alikuwa amesema sehemu kubwa ya gari iko kwao, na polisi wao akasema kichwa cha mwanamke kiko kwetu. Vile vibao viwili alikuwa amevisimamisha madirishani viwe pazia, nanga upande mmoja na korongo upande wa pili. Chini ya nanga ulitokeza mkono wa sweta la kijani.

Nilipita zangu. Mkate niliununua.

Kesho yake jioni ulikuwa mkutano wa hadhara wa miji yote miwili, katika ukumbi wa michezo wa ile shule moja. Madiwani wetu walikaa chini ya goli la kikapu la kusini, wao chini ya lile la kaskazini, na mimi na taa yangu kwenye mstari wa kati. Mpango wa Nerissa ulikuwa mdogo hata wa kutia huruma: watu waruhusiwe kupangisha vyumba vya juu ya gereji na vya uani. Basi. Hakuna ghorofa, hakuna tingatinga.

Wananchi walianza saa kumi na moja na nusu. Bwana mmoja mwenye kofia ya majani akasema, "Sipingi nyumba, lakini hao watu wataegesha wapi?" Mama mmoja akasema, "Sipingi nyumba, lakini maua yangu ya dalia yanataka jua la saa nane." Mzee wa Alder akauliza kama mbwa wa wapangaji watakuwa wanajulikana. Mwalimu mstaafu alisema kwamba anawapenda sana vijana, ila mtaa una tabia yake, na tabia ya mtaa ikiharibika haitengenezwi. Nilishtuka kidogo, maana maneno yale nilikuwa nayajua. Yalikuwa yangu, neno kwa neno, na bado yanapigiwa makofi.

Halafu ikafika zamu ya afisa kueleza mpango wake. Alisimama na makaratasi. Nywele alikuwa amezilowesha kwenye bomba la uwanjani, niliona.

"Kabla hajaanza," akasema Meya Lusk, na sauti yake ilikuwa tamu kama bidhaa zake, "leo ni tarehe tatu. Kuna kifungu cha ukaazi. Kama afisa hana makazi, hana mkataba, na mpango usio na afisa unarudi mwanzo. Naomba tu karani amuulize kama anavyomuuliza kila mtu."

"Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mama huyu," akasema Krause. Fahali wawili, zizi moja, na hawakupigana. "Verna, muulize."

Nikamuuliza. Nimeuliza swali lile mara elfu kadhaa bila kulisikia.

"Jina na anwani, tafadhali."

"Nerissa Haapala," akasema.

Alitazama karatasi zake kana kwamba jibu liko ukurasa fulani. Wote mle ndani walikuwa wamelipita lile gari, mkate hauliwi bila kuvuka daraja. Mtu nyuma akacheka kwa pua. Nikaona shingo ya yule mwanamke inapanda wekundu, na nikajua nikinyamaza sekunde tatu zaidi kidole changu kitabonyeza nyekundu chenyewe, kwa mazoea.

Nikavuta kipaza sauti changu. "Mtaa wa Sitka, namba 212. Juu ya gereji."

"Si kwako hapo?" Krause akauliza.

"Ni kwangu."

"Kuna mtu anakaa juu ya gereji yako? Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi, tarehe thelathini na moja Mei," nikasema, na nikaiandika. Kwa miaka ishirini na saba huo ndio uongo pekee ulio katika kumbukumbu za Haskell, ukiacha hotuba za mameya.

Upande wa kaskazini ukalipuka. "Karani wao anavunja sheria yao!" alipiga kelele mzee wa mbwa, amefurahi kama aliyeokota dhahabu. Krause akajibu kwamba angalau wa kwetu ana anwani. Nerissa alinitazama, akafungua ukurasa wa kwanza, nami nikabonyeza kijani.

Aliongea vizuri. Baada yake mabaraza yote mawili yakapiga kura kwa kauli moja, jambo ambalo halijatokea tangu zile fulana, kuahirisha uamuzi mpaka Septemba ili athari kwa dalia zichunguzwe. Jioni ile mimi na Nerissa tulihamisha mapambo ya Krismasi. Mabuti ya Osgood aliomba yabaki mlangoni, akasema yanampa moyo.

Nilidhani hadithi imeishia hapo, mimi mtu mwema wa kupigiwa makofi. Jumatano Meya Lusk alimwamuru afisa wa Alder aandike malalamiko rasmi kwa afisa wa Haskell kuhusu chumba haramu Mtaa wa Sitka. Akaandika. Jumatatu ikafika mezani kwetu, akaisoma, akaigonga muhuri. Jumanne asubuhi, tukiwa jikoni kwangu, alinisogezea jemu kwa mkono mmoja na bahasha kwa mkono wa pili.

"Samahani, Verna. Una siku thelathini kumtoa mpangaji wako."

"Mpangaji wangu si wewe?"

"Ndiyo. Nimemwarifu pia." Akaonyesha bahasha ya pili, yenye jina lake, tayari imefunguliwa. "Amekata rufaa."

Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Yeye hakucheka. Rufaa, alinieleza, inasikilizwa hadharani, tarehe nane Julai. Mwenye nyumba ndiye atakayeitwa kwanza kwenye kipaza sauti, na afisa anapaswa kuwasomea madiwani maelezo yote ya nyuma yaliyomo kwenye jalada la sheria ile. Akalifungua jalada. Lilikuwa jembamba. Karatasi ya juu ilikuwa na tarehe ya miaka kumi na moja iliyopita.

"'Sipingi nyumba,'" akasoma, taratibu, "'lakini watu wa kupanga huja na kuondoka, hawaupendi mji. Anayetaka kuishi hapa kweli hatakosa mahali.'" Akainua macho. "Jina na anwani vimeandikwa. Nisisome?"

Mkuki kwa nguruwe. Nilitamani nimwambie karatasi ile ina makosa, kwamba karani wa siku ile hakuwa mimi. Niliivuta karibu. Mwandiko ulikuwa wa yule dada wa ofisini, mzuri na unaosomeka.

"Soma," nikasema. "Soma yote."

"Basi utakuwa na dakika tatu za kumjibu mama huyu," akasema, akalifunga jalada, akaenda kubandika nanga kwenye gari.