Shirika la Macho na Shirika la Vita

Mama Nesi alikuwa msusi wa kuaminika, lakini asubuhi hiyo mkono wake ulikuwa na hasira. Mteja wake, muuza mitumba wa duka la jirani, alikuwa ameshikilia paji la uso.

"Shoga, taratibu basi. Hicho ni kichwa, si kamba."

"Nisamehe. Akili haijatulia."

Ingetulia vipi? Binti yake wa pekee, nesi, alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, begi miguuni. Kesho anarudi kule kwenye vita na shirika lake la matibabu. Likizo nzima ya binti, Mama Nesi alikuwa akitangaza kwamba sasa mambo yamemnyookea, atachagua shirika moja la tiba alichangie kila mwezi, na kila aliyekalia kiti chake aliombwa ushauri. Ushauri wenyewe haukumwingia. Alichokuwa akitafuta ni sababu ya kulikwepa shirika la mwanawe, basi.

"Nimeshachagua," alisema bila kugeuka. "Lile la macho. Wanatoa mtoto wa jicho, mzee anawaona wajukuu zake, na hapigwi mtu bomu."

"Ni wazuri," nesi alisema. "Nilidhani utachagua letu."

"Lenu linamaliza watoto wa watu. Nikulipie nauli ya kwenda kufa? Labda niwe nimerukwa na akili."

Muuza mitumba akajifanya hasikii, ingawa nywele zote zilikuwa zimevutwa juu na masikio yako wazi kabisa.

Nesi akainama, akavuta zipu ya begi ambayo tayari ilikuwa imefungwa. "Mama, ile siku tuliyoikimbia hospitali kule vitani, unajua tulitokaje?"

"Ulisema kwa gari."

"Gari moja. La pili lilikuwa bovu, na pesa ya kulitengeneza haikuwepo. Watu wanapenda kuchangia dawa, magari hayawavutii. Tulioenea tukaondoka."

Vidole vya Mama Nesi vikasimama katikati ya msuko. Tangu siku ile alikuwa akilishukuru gari hilo, hata dereva wake alimwombea dua. Hakuwahi kuuliza lilikuwa na nafasi ngapi.

"Na wengine?"

"Walibaki. Wengi wao tumeshawapata. Kijana mmoja wa maabara bado."

"Ana mama?"

"Anaye. Hunipigia simu karibu kila siku. Ndiyo maana huwa natoka nje kuongea."

Mama Nesi alikuwa akidhani simu zile ni za mwanamume. Alikuwa anafurahi kimoyomoyo, akisema huenda ndoa ikamtuliza huyu mtoto. Aibu ikamchoma.

"Niandikishe kwenu," alisema, akiushika tena msuko. "Waambie yangu ni ya gari."

"Sawa, mama."

"Na huyo mama mwenzangu akipiga leo, usitoke nje. Nipe mimi."