Seva Iliyofungwa Wazi

Mwalimu wa chekechea hakubisha hodi. Aliingia kwa dada yake Jumamosi mchana na viatu vyake, akaweka simu mezani katikati ya sahani ambazo hazijaondolewa, akasema, "Soma, dada. Kila mtu ameshasoma, umebaki wewe tu."

Dada mtu alisoma polepole, kidole juu ya kioo, maana shule yake iliishia msingi. Ilikuwa barua ya zahanati, yenye jina la mdogo wake, umri wake na ugonjwa wake: kifafa. Miaka tisa vidonge vilikuwa vimekituliza na mwalimu hajaanguka hata mara moja; waliojua ni wao wawili na daktari. Sasa mzazi mmoja kaiokota barua mtandaoni, kairusha kwenye kundi la wazazi. Ijumaa asubuhi, kati ya watoto ishirini na sita, walikuja tisa.

Binti wa nyumba akatoka jikoni akijifuta mikono. Pale nyumbani walimwita Injinia, utani wenye fahari ndani yake, kwa kuwa kazi yake ni kufunga seva, zile kompyuta zinazobeba tovuti za watu. Alifungua kompyuta yake, akaandika anwani ya zahanati. Kwenye kioo palijipanga orodha ndefu ya barua, kila mstari jina la mtu.

"Wadukuzi hao, siyo?" mama yake akauliza, na moyoni akiomba iwe hivyo.

"Hapana, mama. Hakuna aliyevunja kitu. Seva inakuja na vipande vingi ndani, tunaviita moduli, kila kimoja na kazi yake. Hiki kinamwonyesha mtu yeyote mafaili yote ya kwenye folda, kama folda haina ukurasa wa mbele. Zahanati haikihitaji. Ila kilikuja kimewashwa."

"Na nani aliifunga hiyo seva?" mwalimu akauliza.

"Mimi, mama mdogo."

"Uliifunga!" Kicheko kikavu kilimtoka. "Uliifunga ikabaki wazi. Kufunga gani huko, mwanangu?"

"Kilikuja hivyo hivyo..."

"Na wewe ulikuja kufanya nini?"

Mama alitaka kumtetea mwanawe, akakumbuka maneno yake mwenyewe. Enzi zile akifua nguo kwenye nyumba za watu, mtoto akimfuata nyuma, ni yeye aliyemwambia kila siku: usichokiweka wewe, usikiguse. Aliogopa wasije wakaitwa wezi. Mtoto kalishika somo, kaenda nalo mpaka ofisini.

Binti alikizima kile kipande palepale, orodha ikatoweka. Lakini mwalimu alipoondoka, akamwambia mama yake lililobaki. Kulikuwa na seva nyingine kumi na moja, za shule na zahanati, zote zimetolewa kwenye nakala mama moja ya ofisini, nazo zote zilikuwa wazi vilevile. "Hizo nazizima leo hii. Lakini lazima nimwandikie bosi tuibadilishe nakala mama yenyewe. Na lazima niseme kosa ni langu."

"Zima kimyakimya, mwanangu. Ukijitaja watakufukuza."

Jumatatu shule ilimwambia mwalimu akae nyumbani mpaka wazazi watulie. Hakuna aliyemwambia wazazi hutulia lini. Mama alikwenda kumwona, akamkuta amekaa na picha za darasani alizopewa arudi nazo, zimeviringishwa na kufungwa kwa uzi. Akarudi kwake, akavuta kiti karibu na binti yake.

"Andika. Lakini kwanza nionyeshe hivyo vipande."

Wakavipitia kimoja kimoja.

"Hiki cha nini?"

"Kinamruhusu mtu kuweka mafaili kutoka mbali."

"Zahanati wanafanya hivyo?"

"Hapana."

"Sasa kinakaa humo kwa ajili ya nani? Zima. Na hiki?"

"Kinaonyesha nani anaingia kwenye seva, anaangalia nini."

"Aonyeshwe mpita njia? Zima!"

Kimoja walipokizima, ukurasa wa majaribio uligoma kufunguka. Binti akakirudisha, akaandika pembeni kwa nini kipo. Kati ya vipande thelathini na vinne vilibaki tisa. Kwenye barua ya kumpelekea bosi binti akaandika sharti: tangu sasa seva mpya ianze na kila kitu kisicho na kazi kikiwa kimezimwa. Anayetaka kipande akiombe, na aseme cha nini.

Wenye watoto wa kazi hizi, waulizeni. Si lazima mjue kompyuta. Waulizeni tu: kipi kiko wazi humo, na kiko wazi kwa ajili ya nani?

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, binti aliipitisha barua hiyo ya bosi kwa mama yake mdogo, mama yake akiwa naye. Mwalimu akaisoma na kalamu mkononi.

"Hapa umeandika 'moduli iliachwa ikiwa imewashwa.' Iliachwa na nani?" Akalikata neno, akaandika juu yake: niliiacha. "Haya, sasa peleka."

"Utanisamehe, mama mdogo?"

"Hao wa seva kumi na moja umewawahi, na umefanya vizuri. Mimi nimeshasomwa. Nenda."

Binti akaenda. Dada mtu alibaki. Mdogo wake alikuwa akitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili kamili, watoto wanapanga mstari kuingia darasani.