Chokaa ya Mgeni Rasmi

Akitangazwa tu mgeni rasmi, sisi tunapaka chokaa. Kila jiwe jeupe, kila mti umevalishwa soksi. Mimi Mwaisha, mwalimu mstaafu, nimesimamia upakaji huo shuleni miaka thelathini na tatu, kwa hiyo nilipaswa kujua. Ndiyo maana nusu ya hasira yangu ni juu yangu mwenyewe.

Stesheni yetu ya zamani, jirani na Isaka, ilikuwa imebaki na popo. Mfanyabiashara mmoja alitaka kuifanya ghala la mbolea. Nilihangaika na barua miaka miwili mpaka tukakubaliwa kuifanya nyumba ya kumbukumbu ya reli. Watu wakanisifu kwa uzalendo. Uzalendo gani? Mle ndani mlikuwa na ukuta wangu.

Zamani abiria wa daraja la tatu walikuwa wakisubiri treni huku wakiandika ukutani kwa mkaa: jina, aendako, atarudi lini. Karibu na dirisha la tiketi kaka yangu aliandika: "Yasini. Naenda Geita kuchimba. Nitarudi Idi." Ni zaidi ya miaka thelathini sasa. Hakuna barua, hakuna kaburi. Alituachia maneno hayo tu.

Tangu Yasini aondoke, Mama hakukanyaga tena stesheni. Nilimwonyesha picha ya maandishi kwenye simu, akaisukuma.

"Simu haina mkono wa mtu," alisema.

Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Wiki ya ufunguzi akakubali mwenyewe. "Nitakuja nipashike alipoandika."

Asubuhi ya siku yenyewe nikamleta kwa bajaji. Nje mawe yalikuwa meupe, sikushtuka. Nikatangulia ndani. Kuta zote nne zilikuwa nyeupe pe, na bado zina unyevu.

"Shikamoo, Mwalimu!" Ezekiel, mwenyekiti wa kamati yetu, alinijia akicheka, chokaa mpaka kwenye nyusi. "Jana tumeshinda hapa. Maji nimeyabeba mwenyewe kwa baiskeli!"

"Mwenyekiti, maandishi yako wapi?"

"Ule uchafu wa mkaa? Mgeni rasmi angetuonaje? Angedhani ni kijiwe cha wahuni."

"Huo uchafu ndio kumbukumbu yenyewe!"

Akanitazama kwa huruma, kama vile nina homa. "Lakini Mwalimu, si tumetundika picha za treni? Tena zina fremu."

Nilitamani kumzaba kofi. Kinachouma ni kwamba alikuwa amefanya kwa moyo safi, na mtu wa namna hiyo hupati pa kumshika.

Mama alikuwa ameshaingia na mkongojo wake. "Wapi, Mwaisha?"

Nilinyoosha kidole kando ya dirisha, kwa kubahatisha. Akaweka kiganja.

"Mbona pana majimaji?"

"Wamepaka chokaa, Mama. Wamemfuta."

Hakulia. Aliuacha mkono pale kwa muda mrefu, akiongea chinichini na Yasini wake. Alipouondoa, alama ya vidole vyake vitano ilibaki ukutani.

Nje vigelegele vikaanza, gari la mgeni rasmi limefika. Ezekiel akaiona ile alama.

"Brashi! Leteni brashi haraka!"

Brashi ikaja, inadondosha chokaa sakafuni. Nikasimama mbele ya alama ya Mama, nikiwa na gauni langu jipya.

"Nipake mimi kwanza," nikamwambia.