Nywele za Anusuya

Dinkarrao, mtoto wa kaka yangu, alikuwa hodari wa kuhutubia, mji mzima wa Pune ukimjua. Akisimama ukumbini kutetea elimu ya wanawake, hata wanaume waliowafungia wake zao jikoni walimpigia makofi. Sikumcheka. Ndugu yake alipofariki akamwacha Anusuya mjane ilhali bado mtoto, Dinkarrao alisimama mlangoni akamfukuza kinyozi aliyekuja kumnyoa kichwa, kama ilivyo mila ya wajane wetu.

"Humu hanyolewi mtu!"

Mimi niliyenyolewa utotoni, na kila mwezi tangu hapo, nililia kwa furaha.

Akampeleka shule ya wasichana ya Mwalimu Kashibai. Sasa Anusuya alikuwa na miaka kumi na mitano, umebaki mtihani. Akifaulu, angepata kazi ya ualimu na chumba palepale shuleni, aachane na wali wa masimango.

Kisha ikaja hiyo chai. Wamisionari waliwaalika waungwana, Dinkarrao akiwemo, kwenye mkutano, vikombe vikapitishwa. Wenzake wajanja walivigusa tu wakavirudisha. Yeye akanywa, na biskuti akatafuna. Habari zikawafikia wazee wetu wa Kibrahmini, ambao kwao kula cha Wakristo ni unajisi, nao wakatutenga: kuhani asitie mguu kwetu, wala tusiteke maji kisimani. Upande wa mchumba wa Manu, binti ya Dinkarrao, ukaleta ujumbe kwamba harusi haipo.

"Biskuti, Dinkar?" nikamwuliza. "Hata mfukoni hukuweza kuificha?"

"Shangazi, ilikuwa chai tu."

"Haya, iteme basi."

Wazee walikubali kumtakasa. Ameze vile vitu vitano vya ng'ombe, mkojo na kinyesi vikiwemo. Halafu yule mjane anyolewe, atolewe shule, kwa sababu nyumba yenye mjane mwenye nywele haitakasiki. Nasikia alibishana nao sana juu ya kinyesi. Juu ya nywele alinyamaza.

Anusuya alimfuata barazani.

"Shemeji, mtihani ni Jumatatu. Ningoje nimalize, ndipo mninyoe."

"Kuhani anakuja Jumapili."

"Basi nihamie shuleni. Semeni nimetoroka."

"Watasema mimi ndiye niliyekutorosha. Na Manu ataolewa na nani? Nielewe, mwanangu. Nywele huota."

"Mtaziacha ziote?"

Dinkarrao akatazama viatu vyake.

Alitaka mimi nikamwite kinyozi. Nikamwambia, "Una miguu, nenda mwenyewe." Akaenda. Aliyekuja ni yuleyule mzee anayeninyoa mimi, mikono inamtetemeka siku hizi, kwa hiyo nilikishika kichwa cha mtoto ili wembe usimkate. Hakulia. Nywele zilijaa mkekani, nzito, bado zina mafuta ya asubuhi. Tukamvika shuka nyekundu ya wajane, akajifunika mpaka machoni. Nilimchukia Dinkarrao siku ile, na bado namchukia.

Jumapili akameza vyake, akatapika, akawa msafi. Harusi ikarudi.

Jumatatu asubuhi Anusuya aliketi kwenye kizingiti akichambua mchele, amejiinamia, mgongo umepinda kama amebeba mtungi. Mimi nilikuwa ndani nikiwasha moto. Nikasikia viatu vya haraka vikija uani, vikasimama.

"Shikamoo, bibi." Ilikuwa sauti ya Mwalimu Kashibai, anahema. "Samahani kwa usumbufu. Niitie Anusuya, tafadhali. Wenzake wameshaketi, nimewaomba wamngoje kidogo."

Kisha nikasikia sauti ndogo, kavu:

"Marahaba. Anusuya hayupo."

"Ameenda wapi?"

"Hayupo."

Mwalimu akashukuru, akaondoka mbio. Nilipofika mlangoni, mkono wangu umejaa majivu, alikuwa ameshapinda kona.

"Wewe mtoto una wazimu?" nikafoka. "Mwalimu wako kakufuata mpaka mlangoni! Kwa nini hukumwambia ni wewe?"

Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele.

"Shangazi," akasema, "ameniamkia shikamoo."